Ramani Ilisema Kijani

Gwenda Tolley alikuwa anatafuta kopo lake la majarini, na nyumba nzima haikuwa na amani.

"Royston! Nililiandika kabisa kwa mkono wangu, 'Njegere, Machi'. Lilikuwa juu ya friji. Limeota miguu?"

"Sijui, mke wangu," Royston akasema, uso kaufukia kwenye kikombe cha chai. "Si una makopo ishirini?"

"Lile lilikuwa na mfuniko wake. Hayo ishirini ni mayatima."

Royston alijua fika kopo liko wapi. Lilikuwa maili moja juu ya mto, ndani ya shimo la zege kwenye mtambo wa majitaka wa Hadbury, limefungwa kwa waya kwenye kidude cha kampuni ya maji. Aliyelifunga alikuwa yeye mwenyewe.

Kidude chenyewe si kitu cha ajabu. Ni kiboya kidogo, ukubwa wa yai, kinachoning'inia kwenye mdomo wa bomba la dharura. Mtambo ukizidiwa, uchafu wa mji mzima hupita bomba hilo na kuingia Mto Tarrow kama ulivyotoka chooni, haujachujwa wala haujasafishwa. Maji machafu yakipanda, kiboya kinainuka, habari inakwenda makao makuu, na kwenye ramani ile ambayo kila mtu anayo kwenye simu, Hadbury inageuka nyekundu. Watu wakiona nyekundu hawaingii mtoni. Wakiona kijani, haya, taulo begani.

Sasa kiboya kimekaa ndani ya kopo la Gwenda, kikavu, kimefunikwa. Bomba linamwaga tangu katikati ya Mei, na ramani ni kijani kibichi.

Zamani mtambo ule ulikuwa na wanaume tisa, na Royston alikuwa mdogo wao, anatumwa kuchemsha chai. Kisha serikali ikauza maji, mtambo na mabomba, kila kitu. Mmoja akastaafishwa, mwingine akahamishwa, na leo Royston peke yake anazunguka mitambo mitatu kwa gari, ana miaka sitini na sita, na mtambo wa Hadbury pampu yake kubwa imekufa tangu Februari. Aliandika barua. Akajibiwa ombi lake linashughulikiwa. Hao wakubwa hawajawahi hata siku moja kuunusa mto huu, watashughulikia nini!

Aliyemwambia afunike kidude ni Darren Pask, meneja wa eneo, kijana wa suti na viatu visivyojua tope.

"Mzee wangu, kile kidude kimeingiwa na buibui, kinasoma uongo," Darren alisema. "Kifunike tu mpaka fundi aje. Saa tunazoruhusiwa kumwaga zikipita tena mwaka huu, tumekwisha. Unanielewa?"

Royston alimwelewa vizuri sana, na hapakuwa na buibui. Lakini Darren huyo huyo ndiye aliyempa ruhusa kila Alhamisi, majira yote ya baridi, ampeleke Gwenda hospitali akatiwe dawa za kansa mshipani. Hakuuliza swali, hakumkata saa. Ungemwambiaje hapana mtu kama huyo? Royston alikwenda nyumbani, akachukua kopo lililokuwa karibu na mkono, akatia saini kwenye daftari la kazi kwamba kidude kimekaguliwa na ni kizima. Alijiambia ni wiki moja tu, na nani anaogelea mwezi wa Mei katika baridi ile?

Halafu Gwenda akasema anataka kubatizwa.

Kanisa lao la Kibaptisti hubatiza watu wazima, mwili mzima majini, na kila Jumapili ya Pentekoste huteremka mtoni kufanya kazi hiyo. Royston ni shemasi pale. Kwa miaka arobaini alimwomba mkewe, na kwa miaka arobaini Gwenda alikataa, kwa sababu alipokuwa msichana wa miaka saba alizama kwenye bwawa la kinu akatolewa amelegea, na tangu siku hiyo hata kuoshwa nywele kwa kulala chali hakutaka. Sasa katoka hospitali, nywele zimeanza kuota fupi fupi kama za kifaranga, akasema, "Kama nimeweza lile, hili la maji litanishinda?" Royston alilia pale pale jikoni. Baadaye alikumbuka kopo, machozi yakamkauka.

Muuguzi alikuwa amewaambia wazi, mwezi Aprili, siku ya mwisho ya dawa: kinga ya mama huyu bado changa. Joto likipanda hata kidogo, pigeni simu saa hiyo hiyo, msingoje kupambazuke. Kitu ambacho mtu mzima mwenye afya kinamharisha siku mbili, yeye kinaweza kumzika.

"Tukubatizie ndani," Royston alimwambia siku ya Ijumaa. "Pale chini ya sakafu ya kanisa kuna kisima kizuri cha kubatizia. Tunakijaza maji ya moto."

Gwenda alimtazama kama aliyetukanwa. "Miaka arobaini unaniimbia mto, mto, mto. Leo nimekubali unanipa beseni?"

"Mto mchafu, Gwenda."

"Mchafu nani kasema?" Akachomoa simu mfukoni mwa aproni, akamsogezea hadi puani. "Soma, mzee. Rangi gani hiyo?"

"Kijani."

"Basi. Kampuni yako mwenyewe imesema. Au wanadanganya?"

Hapo ndipo ungedhani angesema. Mdomo aliufungua. Alimwona mkewe alivyokonda, kavaa sweta mbili mwezi wa Juni, anameza chai ya limau na asali, anacheka. Akaogopa kile kicheko kitakavyokatika.

"Na wewe mbona unatetemeka?" akauliza badala yake.

"Woga wa bibi harusi. Niache."

Kwenye kamba ya nguo nje palikuwa na taulo mbili zimeanikwa. Royston aliziona, akadhani ni siku ya kufua.

Jumamosi aliamua kufanya mambo kimyakimya. Atalitoa lile kopo, kiboya kitainuka, ramani itageuka nyekundu, na Gwenda mwenyewe ataona. Hakuna atakayelazimika kukiri neno. Aliendesha gari hadi mtamboni mvua ikimwagika kwa ndoo. Alipofika kwenye shimo akakuta limefungwa kufuli jipya, linang'aa, ambalo ufunguo wake hana. Chini ya kifuniko cha chuma aliyasikia maji yakipita kwa kishindo kuelekea mtoni. Harufu ilimfanya afunge mdomo kwa kiganja, yeye aliyefanya kazi ile tangu ujana.

Alimpigia Darren.

"Wakaguzi wanakuja Jumatatu, ndiyo maana tumefunga," Darren akasema. Nyuma yake watoto walikuwa wanapiga kelele za furaha. "Tulia, mzee wangu. Jumanne nakuletea ufunguo."

"Kesho kuna ubatizo. Watu wanaingia majini. Mke wangu anaingia, Darren."

Watoto wale wakaendelea kucheka.

"Mwambie asiingie, basi."

"Nimwambie kwa nini asiingie?"

"Hilo sasa ni la nyumbani kwako," Darren akasema, sauti imepoa. "Ila mimi sijaandika mahali popote, unajua. Saini iliyo kwenye daftari si yangu."

Simu ikakatika. Royston alibaki amesimama mvuani, akitukana matusi ambayo shemasi hapaswi kuyajua.

Jumapili ikapambazuka na jua. Watu wapata arobaini waliteremka hadi pale mto unapopinda, wamebeba viti vya kukunjwa, mikate ya mayai, vikasha vya keki, na birika kubwa la chai. Lorna, mpiga kinanda wa kanisa na shoga yake Gwenda wa miaka mingi, alikuwa na mkoba begani na taulo tatu mkononi. Maji yalikuwa yamejaa, rangi ya chai ya maziwa. Ukingoni, kwenye mizizi, palining'inia vitu vyeupe kama vitambaa vilivyochanika. Mtoto mmoja akavishika kwa kijiti, mama yake akamwambia ni majani. Royston alijua vile vitu hutupwa wapi kabla ya kufika mtoni, na si majani.

"Shemasi, umepauka," Mchungaji Hedley akamwambia, akivua viatu. "Wewe ndiye unayebatizwa?"

Watu wakacheka. Royston naye akacheka, na akajichukia.

"Mchungaji, mvua ya jana hii... hatuwezi kuahirisha?"

"Lorna kaangalia ramani asubuhi hii. Lorna, si kijani?"

"Kijani kama nyasi!" Lorna akaitika.

Wakaanza kuimba. Kwa desturi yao watu wawili huingia na anayebatizwa, mchungaji upande mmoja na shemasi upande wa pili, na wote wawili humlaza chali majini. Kwa hiyo mkono mmoja wa kumzamisha Gwenda ulikuwa wa mumewe. Walishuka polepole. Gwenda, ndani ya joho jeupe lililoshonewa vipande vya madini ya risasi kwenye pindo lisipande juu, alimshika Royston kwa nguvu. Kiganja chake kilikuwa cha moto. Maji yakafika magotini, kiunoni, chini ya kifua. Royston alihesabu kila hatua akijiambia hii ndiyo, nitasema sasa, na kila hatua ikampita.

"Gwenda Tolley," mchungaji akasema, "unamwamini Bwana?"

"Namwamini," akasema kwa sauti iliyofika ng'ambo.

Mchungaji akaanza kumlaza. Upande wake Gwenda akashuka, upande wa Royston akabaki juu. Mkono wa mzee ulikuwa umekaza kama mlango uliokwama.

"Shemasi," mchungaji akanong'ona. "Mshushe."

"Simshushi."

"Royston!" Gwenda akasema akiwa ameuma meno. "Usiniaibishe."

"Kopo lako," Royston akasema. "Lile la njegere. Nililichukua mimi."

"Ndio wakati wa kuniambia huo?"

"Nimelifunga kwenye kidude cha kampuni kisione. Mtambo unamwaga, Gwenda. Choo cha Hadbury nzima kinaingia humu. Hiyo kijani ni ya uongo, na uongo wenyewe ni wangu. Toka majini. Nakuomba, mke wangu, toka."

Alikuwa amepaza sauti bila kujua. Kuimba kulikufa mstari kwa mstari, walio mbele kwanza. Mchungaji Hedley alitazama maji yaliyomfika kifuani, akainua mikono yake miwili juu kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Ukingoni mama yule alimpokonya mtoto kijiti.

Royston alingoja hasira. Alikuwa tayari kwa kofi, kwa matusi, kwa kufukuzwa kazi na ushemasi siku moja. Ndani yake palikuwa hata na unafuu kidogo, kwa maana amesema, na kichwa cha mkewe hakijagusa maji. Amewahi.

Lakini Gwenda hakukasirika. Alikuwa anamwangalia tu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu katikati ya Mei."

Gwenda akageuka, akamtazama Lorna pale ukingoni. Lorna taulo zilikuwa zimemdondoka.

"Nilikuwa naogopa maji, Royston, unajua ninavyoogopa," Gwenda akasema taratibu. "Sikutaka nikuaibishe leo. Kwa hiyo wewe ukienda kazini, mimi na Lorna tunakuja hapa. Kila asubuhi, wiki mbili sasa. Lorna anaangalia ramani, mimi nazama. Mwanzo nilikuwa nayameza kama ng'ombe, tukacheka kweli. Sasa naweza kukaa chini mpaka hesabu ya ishirini. Nilitaka uone."

Royston alikumbuka taulo kwenye kamba, limau na asali, na zile sweta mbili. Aliinua mkono wake uliolowa akauweka kwenye paji la uso wa mkewe, kama alivyofanya usiku mwingi wa majira yale ya baridi, akabaki ameuweka pale ingawa alikwisha kujua.

"Lorna," akaita. "Lorna, piga simu hospitali. Waambie ana homa."