Kumi na Saba ya Xavérine

Wivu hauombi kiti. Unakalia cha kwako. Daphrose wa Muhima alikuwa na kiti chake cha kusukwa pale uani, karibu na mbabula, jiko la makaa. Hakuna aliyekigusa mpaka alipokuja Xavérine, mama wa mkwewe Donatille, akikimbia vita vya Byumba na kikapu na mwavuli.

"Zamani mama hakulala kwa mume wa binti yake," Daphrose alimnung'unikia mwanawe Achille.

"Zamani hakukuwa na mabomu, mama."

Akavumilia. Lakini siku wazee hao wawili walipopelekwa dispansari kupimwa presha, mchanga ukaingia kwenye ugali. Muganga Habimana alimfunga Xavérine mkanda mkononi, akabonyeza mpira, akasikiliza. "Kumi na saba kwa kumi." Daphrose akapata kumi na mbili kwa nane.

Daphrose alisoma kwa masista hadi darasa la nne, na huko alama zilitolewa juu ya ishirini. Kumi na mbili ni kupita kwa kuchechemea. Kumi na saba ni kuitwa mbele na kupewa rozari! Muganga alieleza mengi, ila masikio ya Daphrose yalibaki kwenye ile kumi na saba.

Na kweli, nyumbani Xavérine akapewa kile kiti cha kusukwa. Akapewa vidonge. Akapikiwa maharage na dodo, yaani mchicha, kwenye chungu kidogo, mbali na sufuria ya wote.

"Usiguse, mama," Donatille alisema. "Hicho ni cha mama."

Cha mama! Na yeye Daphrose alikuwa nani, shangazi wa jirani?

Donatille alipokwenda bombani, Daphrose akafunua chungu, akaonja. Hakuna chumvi hata chembe. Ndiyo chakula cha wenye kumi na saba? Akatia chumvi kiganja kizima, akakoroga. "Naye ale kama sisi." Akafanya hivyo kila Donatille alipotoka. Xavérine alikula kimya, akidhani binti yake amemhurumia.

Siku ya kurudi dispansari, Daphrose alijidai ana haja sokoni Nyabugogo, kisha akapanda kilima cha dispansari mbio na kikapu cha viazi kichwani. Moyo ukidunda vizuri, alama zitapanda! Alimkuta Xavérine ameshapimwa, ameshika kichwa.

"Kumi na tisa kwa kumi na moja," Habimana alisema.

Daphrose nusura alie. Ameongeza mbili!

Muganga akamshika kifundo cha mkono, macho kwenye saa. "Mama, mapigo mia na ishirini! Umefukuzwa na nani? Kaa, upumue, ndipo nikupime."

Akakaa. Mapigo yakashuka hadi sabini na sita. Mkanda ukasema kumi na mbili kwa nane.

"Ileile?" Daphrose aliguna. "Hata ya juhudi huniongezei?"

Habimana akacheka. "Hizi si alama za shule, mama! Ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya chini ni moyo unapopumzika. Yako ni ya msichana. Bamwana wako, huyu mama wa mkweo, ndiye yuko hatarini. Mshipa ukipasuka kichwani, tutamzika." Akamshika tena Daphrose kifundo, kuhakikisha mapigo yametulia. "Ndiyo maana nilikataza chumvi. Nani anamtilia chumvi?"

Kisha muganga akakunja uso. "Ajabu. Umekaa tu, na mapigo yanakimbia tena."

Xavérine akainua kichwa, akautazama ule mkono wa Daphrose ndani ya vidole vya muganga.

"Bamwana," alisema taratibu, "mimi nilidhani ni Donatille."

"Ni mimi," Daphrose akasema, sauti haifiki mlangoni. "Nilikuonea wivu kumi na saba yako."

"Ungeniomba, ningekupa yote."

Jioni ile Daphrose alitoa pakiti ya chumvi jikoni, akampa jirani. Nyumba nzima ikala maharage chapwa, Achille akilalamika. Baada ya majuma kadhaa Xavérine alipimwa kumi na nne.

"Bado unanizidi," Daphrose alimwambia, akimsogezea kiti. "Shuka, twende sawa."