Joto la Urho

Jumatatu iliyofuata mazishi ya kaka yake, Raili, fundi wa gereji, alichomoa waya wa lori la magogo kwenye nguzo ya umeme, akagusisha ncha za mita kwenye meno ya plagi ya hita, kile kifaa cha umeme kinachopasha injini usiku isigande, akatazama. Hita nzima ingetoa namba. Hii haikutoa kitu, maana yake imekatika ndani. Akajaribu kwa waya mwingine, asije akaisingizia hita kosa la waya. Jibu likawa lile lile. Kwa jinsi plagi ilivyoungua, hita ilikuwa imekufa tangu theluji ya kwanza.

Kisha akavua glavu, akaweka kiganja kwenye bloku ya injini. Ilikuwa na joto. Halikuwa joto la injini iliyotoka safari, lilikuwa joto la shavu la mtu. Uani baridi ilikuwa nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri, na lori halikuwa limewashwa tangu livutwe kutoka msituni.

Raili akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Joto lile alilijua. Utotoni alilala kitanda kimoja na kaka yake Urho, katika nyumba ya mbao ambayo jiko lake lilizimika kabla ya alfajiri, na kila alfajiri alimsogelea mgongoni.

Urho ndiye aliyekuwa dereva wa lori hilo. Jioni moja ya Januari aliliegesha kwenye kibanda cha wakata miti, mbali na barabara kuu, akachomeka waya kwenye nguzo ya pale kama alivyoagizwa, akalala ndani ya lori. Umeme ulikuwepo, ila hita ilikuwa imekufa. Asubuhi injini ilikuwa imeganda kama jiwe, kibanda kimefungwa kwa kufuli, simu haina mtandao. Akashika njia kwa miguu. Walimkuta ameketi juu ya tuta la theluji, mikono kwapani. Polisi wakaandika kuwa ni ajali.

Raili alikwenda ofisini kwa Hannes, mwenye malori.

"Hita imekufa," alisema. "Ila injini ina joto."

"Joto la nini?"

"La Urho."

Hannes alivaa koti, akaja, akagusa. Alivua kofia, kama mtu aliyeingia kanisani akakuta ibada imeshaanza.

"Kweli ni yeye," alisema. "Hebu iwashe."

Injini ikawaka kwa mguso wa kwanza.

"Basi ile hita tusiagize kwanza, fundi. Tuone tutafikaje."

Habari zikaenea gereji nzima, na madereva wakaanza kunywea kahawa yao karibu na lori hilo. Walipasha mikono, wakazungumza mambo ya hoki, wakimwachia Urho nafasi ya kusimama. Mchana alikuja mjane wake, Aune, na chupa ya kahawa na mkate mtamu wa iliki. Alipiga magoti chini ya kichwa cha lori kilichoinamishwa mbele, akalaza shavu kwenye chuma, akakaa hivyo mpaka kahawa ikapoa.

"Wifi," alisema, "huyu hapumziki."

"Hapumziki."

"Na alivyokuwa anapenda kulala! Jumapili nilikuwa namvuta miguu ndiyo aamke." Akajifuta pua kwa glavu. "Ukiweka hita mpya, ataondoka?"

"Nadhani. Atakuwa hana kazi tena."

"Iweke, basi. Mimi nitazoea."

Raili aliinunua mwenyewe. Akafungua koki na kuyatoa maji ya rejeta, yakatoka vuguvugu, akayakinga kwa uangalifu kuliko siku zote. Akalegeza boliti, akaivuta ile hita ya zamani. Ilikuwa imepasuka, nyeusi kama kijiti cha kiberiti. Akasugua tundu mpaka likang'aa, akapaka grisi mpira wa kuzuia maji yasivuje, akaingiza hita mpya, akakaza. Akairudishia injini maji na kutoa hewa yote, kwa sababu hita ikipewa umeme bila maji huungua palepale. Akapima. Namba ikatokea. Ndipo akachomeka waya.

Siku ya pili injini ilikuwa na joto la umeme, joto lisilo la mtu yeyote. Raili akachomoa waya, wakangoja pamoja na Aune mpaka chuma kikapoa, kikazidi kupoa, kikawa cha kuunguza vidole kwa baridi.

"Ameondoka," Aune alisema. Alilia kidogo, na ilionekana kama mzigo umemshuka.

Wakati huohuo dereva aliyeitwa Taneli akaita kutoka upande wa pili wa ua. Alikuwa ameweka mkono kwenye injini ya lori lake.

"Raili! Njoo huku. Yuko kwangu."

Raili akaja na mita. Hita ya lori la Taneli nayo haikutoa namba. Akapima lori la tatu, halafu la nne, akaenda hivyo mpaka mwisho wa safu. Zote zilikuwa zimekufa. Na bloku zote zilikuwa na joto, ila joto lenyewe lilikuwa jembamba, kama la blanketi moja lililogawanywa kwa watoto wengi.

Akarudi ofisini na mita mkononi.

"Hita zote zimekufa, Hannes. Amejigawa. Baridi ikizidi hatoshi."

"Malori yanawaka?"

"Yanawaka."

"Basi anatosha." Hakusema kwa ukali. Alionekana amechoka, na mbele yake palikuwa na picha ya wanawe. "Urho alikuwa mtu wa kazi, Raili. Hajalalamika."

"Alilalamika. Kuhusu hita ya lori lake, zaidi ya mara moja. Nilikuwa nimesimama mlangoni hapo."

Hannes akakoroga kahawa yake.

"Basi sasa ameacha," alisema.

Malori yalitoka moja baada ya jingine kuelekea msituni, yote yakiwaka bila taabu. Aune alisimama getini. Kila lori lilipopunguza mwendo alipitisha mkono kwenye grili ya mbele ya injini, akamwambia mume wake ajifunike vizuri. Madereva walimngoja amalize, kisha wakaondoka.