Pombe ya Chawir

Madaktari wa meno walikuja na ndege ndogo, wakanikalisha kwenye kigoda, wakaning'oa meno yote yaliyobaki. Waliahidi kuniletea ya bandia safari ijayo. Safari ijayo ndege ilileta mabati ya shule na kuku wa mwalimu. Meno hayakuwemo.

Wakati huo mume wangu, Taish, alikuwa ameshaalika watu waje kutuezekea nyumba mpya. Sisi Waachuar, watu wa msitu wa Amazoni, kazi ya ujima hatulipani. Mwenye nyumba anatoa pombe ya muhogo, na pombe hiyo anaitengeneza mkewe: anatafuna muhogo uliopikwa, anautema chunguni, unachachuka. Pombe ikiwa mbaya, wanaume wanakunywa bakuli moja la adabu, halafu kila mmoja anakumbuka kwamba mbwa wake anaumwa. Paa linabaki nusu, na mvua ya huku haimsubiri mtu. Pombe yangu mimi ilikuwa na jina mto mzima. Watu walisema wakionja tu wanajua hii ni ya Chawir, na sitaki unafiki, kichwa kilinivimba.

Sasa nilikuwa na ufizi mtupu. Nikamwomba binti yangu Nantar, aliyekuwa amerudi kutoka shule ya mjini, anitafunie.

"Mama, mate yana vijidudu," akasema.

"Vijidudu hivyo ndivyo vilivyokulea."

"Najua. Lakini sitafuni."

Nilimsema sana, nikamwambia atakayemwoa atakunywa maji ya mto. Alikuna viazi vitamu vibichi, akavichanganya na muhogo, akatia sukari na hamira alivyokuja navyo kutoka mjini, akafunika. Nilimwacha kwa sababu tulihitaji paa. Moyoni nilikuwa nangoja aibu yake.

Wanaume walifika asubuhi. Kugawa ni kazi ya mke, kwa hiyo niligawa mimi. Shemeji yangu Mukuim, ambaye hajawahi kumwonea mtu huruma, alivuta funda refu, akajifuta midomo.

"Shemeji, kumbe meno ndiyo yaliyokuwa yanaiharibu."

Wakacheka, wakaomba tena, wakapanda juu. Kufikia alasiri paa lilikuwa limekamilika na hakuna aliyemkumbuka mbwa wake. Walinisifu mmoja baada ya mwingine. Nantar alikaa kando ya moto, macho chini, akaniachia sifa zote. Afadhali angejigamba, maana ule ukimya wake ulinichoma.

Nikaonja na mimi. Ilikuwa nzuri. Niliumia sana kwamba ilikuwa nzuri.

Nikashindwa kuvumilia. Niliwaambia pale pale kwamba si pombe yangu, ni ya Nantar, haijatafunwa na mtu yeyote, ina vitu vya dukani. Nilitegemea watatema. Nilitegemea angalau Taish, aliyeinywa pombe ya kinywa changu tangu nikiwa msichana, atasema aliona tofauti.

Taish alitazama ndani ya bakuli lake, akamalizia iliyobaki. Kisha akalinyoosha. Likapita mbele yangu, nami bado nimeshika kata ya kuchotea pombe, likaelekea kwa binti yetu.

"Basi niongezee, mwanangu," akasema.

Nantar aliniangalia mimi kwanza, hakuinuka. Nikampelekea kata, nikaenda shambani kwangu kulia.