Kifuniko cha Duara

Rahima aliposikia Filemoni akisema "wazo langu" mbele ya wageni wa maonyesho ya chuo, hakulia wala hakununa. Alipiga makofi pamoja na wengine, na papo hapo akaapa moyoni kwamba kijana yule atayatapika maneno hayo hadharani.

Wazo lilikuwa la Rahima, tena lilitoka kwenye kidonda. Mdogo wake Muzamil alikwenda Kemambo dhahabu ilipopanda bei na mashamba ya mahindi yakageuka machimbo, akatumbukia kwenye duara lililoachwa wazi. Wachimbaji huliita duara shimo lolote la kushukia chini, hata kama mdomo wake ni mraba, na mara nyingi ni mraba, kwa sababu hujengewa magogo pande zote nne. Siku ya mazishi mwenye duara alikuja kumpa pole baba yao, Fundi Athumani, akasema mbao za kufunikia zilikuwepo. "Nilikuwa nasubiri tu," alisema. Lile "tu" Rahima hakuwahi kulisamehe.

Basi alipochagua somo la hiari, lile linalowachanganya wanafunzi wa usanifu na wa uhandisi wabuni kitu kwa pamoja, alijua atachora nini: kifuniko cha chuma chenye bawaba, ambacho mtu mmoja anaweza kukifunga peke yake. Akapangwa na Filemoni, mtoto wa mjini mwenye ulimi wa asali na chuki kubwa na vumbi. Walipokwenda mkoani Mara kupima, Filemoni alibaki hotelini Tarime akilalamikia tumbo. Rahima akaenda peke yake Kemambo, akapima duara la mchimbaji mwingine, Mzee Waitara, na kwenye mchoro, uliokionyesha kwa ubavu tu, akaandika: kifuniko cha duara, futi tano. Waliporudi chuoni, Filemoni akauchukua mchoro, akafuta jina la mwenzake, akaubandika kwenye maonyesho.

Rahima alimfuata Dokta Scholastica, mwalimu wa somo. Akajibiwa kwa upole kwamba kwenye timu hakuna changu wala chako, alama ni moja kwa wote, na ajitahidi kushirikiana. Upole ule ulimchoma kuliko tusi.

Siku moja akapita karakana ya chuo akamkuta Filemoni anakata bati nene la chuma, na analikata mviringo kama sinia. Rahima alisimama mlangoni akiwa haamini bahati yake. Mchoro alikuwa ameuiba, lakini maana ya neno hakuiiba. Ulimi ulimwasha, akaumeza. Aliuliza jambo moja tu, mbele ya mafundi waliokuwepo: vipimo hivi ni vya nani?

"Vyangu," Filemoni alijibu bila kugeuka. "Kila kitu hapa ni changu."

Rahima akamtakia kazi njema, akapanda basi hadi nyumbani Tarime, akamwomba baba yake achomelee kifuniko cha mraba. Fundi Athumani hakuuliza maswali. Alifanya kazi ile kama anayemtengenezea Muzamil kitu, na alipomaliza alitaka kukipeleka Kemambo siku ileile. Rahima akamzuia. Alisema kisubiri hadi siku ya tathmini, kule Kemambo kwenyewe, kikafunikwa turubai uani. Alitaka umati. Alitaka Dokta awepo, na Filemoni awe ameshatamba vya kutosha.

Siku hiyo ilipofika, Mzee Waitara aliitikia shikamoo zao akiwa mnyonge. Ndama wake alikuwa ametumbukia humo duarani Jumapili, wakamtoa amekufa. Rahima alimpa pole, lakini masikio yake yalikuwa kwa Filemoni, aliyekuwa akimsimulia Dokta jinsi alivyolipima duara lile mwenyewe, juani, akiwa na njaa. Wachimbaji walipanda juu wote kuja kuona. Vijana wanne wakakibeba kifuniko cha Filemoni, wakakilaza juu ya mdomo wa shimo. Kilizigusa kingo kwa tabu, na kila pembe ikabaki wazi. Kikayumba, kikainama upande mmoja, kikazama, na mshindo wake ukasikika kutoka chini kabisa.

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. "Mura," Mzee Waitara akamwambia Filemoni, "wewe hapa hujawahi kufika."

Filemoni akaangaza macho huku na huku, kisha akamnyooshea Rahima kidole. "Yeye ndiye aliyechora. Wazo ni lake, neno duara kaliandika yeye. Mimi nimefuata mchoro wake."

"Umesikia, Dokta?" Rahima aliuliza. Dokta Scholastica alikuwa anatazama viatu vyake.

Utamu wa saa ile hausemeki. Rahima akampungia mkono baba yake aliyekuwa akingoja kando, na kutoka kwenye gari la mizigo kikashushwa kifuniko cha mraba. Kilikaa mahali pake barabara, bawaba ikaitika, na makofi yakapigwa. Filemoni alisimama peke yake kando ya kifusi, na Rahima akamtazama mpaka akashiba.

Mzee Waitara alichuchumaa, akapapasa maungio ya chuma, akamsifu Fundi Athumani na kumwuliza kazi nzuri namna hii aliimaliza lini. Fundi Athumani hajui kuficha jambo. Akasema kilikuwa uani tangu mwezi uliopita.

"Mwezi uliopita," Mzee Waitara akarudia, akainuka polepole. Alitazama zizi lake. Kisha akatazama kijia kinachopita kando ya duara, ambacho watoto hukifuata kila asubuhi wakienda shule. Alipomgeukia Rahima sauti yake ilikuwa ya chini. "Mbona hukukileta, binti?"

Rahima alitafuta jibu. Alilitafuta kwa bidii, na lililokuja mdomoni lilikuwa moja.

"Nilikuwa nasubiri tu," alisema.

Nyuma yake Fundi Athumani alikuwa anakunja turubai. Mikono yake ikasimama.