Foleni ya Ashiraf

Ashiraf alirudi Bwera kutoka Kampala na cheti cha kompyuta, na mdomo mrefu kuliko cheti chenyewe. Chama cha wasafirishaji kikamkabidhi foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka pale Mpondwe. Laiti kingemkabidhi ufagio.

Kabla yake foleni ilikaa kwenye daftari la Saudah. Kila lori likivuka, mama huyo alinakili orodha kwenye ukurasa mpya, akausoma kwa sauti, madereva wakaitikia, ndipo akauchana wa zamani. Ashiraf alicheka mpaka akashika mbavu. Programu yake, alisema, haina porojo: inafuta faili la zamani, inaandika jipya, kwisha. Saudah akamwambia usiache mbachao kwa msala upitao. Ashiraf, bwana mkubwa, akachukua daftari, akampa muuza chapati afungie chapati.

Sasa sikia. Jumatano asubuhi lori la mbele lilivuka, ikawa zamu ya Hajji Hamim, ambaye nyanya zake zilikuwa juani siku ya nne. Hajji ndiye baba yake Jamira, binti ambaye Ashiraf alitaka kumwoa, na Ijumaa wazee wa Ashiraf walikuwa waende kwake kupeleka posa. Ashiraf akabonyeza mwenyewe, kwa madaha, mkwe amwone. Faili la zamani likafutika. Kabla jipya halijaandikwa, umeme ukakatika.

Uliporudi, orodha ilikuwa nyeupe pe. Dakika kumi baadaye Mpondwe ilikuwa na malori thelathini, yote namba moja. Wakakimbilia daftari, ukurasa wa mwisho ulikuwa mkononi mwa afande mmoja, umeloa mafuta, naye ameshashiba. Wakapita wenye mabega na sauti. Hajji alivuka Ijumaa, lori likichuruzika mchuzi, na wazee wa posa aliwatumia ujumbe wangoje kwanza.

Ashiraf aliona aibu. Akaketi siku mbili akaiandika programu upya: orodha mpya iende faili la pembeni, ingojwe mpaka diski yenyewe iwe imeishika, maana kompyuta nayo ni mwongo, husema imehifadhi na kumbe bado imebeba kichwani, hapo ndipo faili jipya lichukue jina la lile la zamani. Umeme ukatike utakavyo, moja kati ya mawili litakuwepo zima. Yaani daftari la Saudah, ila linatumia umeme.

Jumapili akambebea Hajji kompyuta hadi sebuleni, akamweleza yote. Mzee alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kukubali.

"Hii iko muzuri, mutoto yangu. Ata sisi tunafanyaka vile. Musitafa wa Hima alileta posa mbele yako. Hatukumufuta. Tulikuwa tunangoja wewe uingie kwanza."

Harusi ilifanyika Hima, kwa kina Musitafa, mwezi uliofuata. Orodha ya waalikwa aliiandika Saudah, kwa kalamu.