Kitandani, Mtoto wa Baba

Mume wangu Korbinian ana mdomo, Mungu amsamehe. Tangu astaafu ubwana misitu, kila Jumamosi asubuhi watu wa kijijini kwetu humletea dakeli wao, wale mbwa warefu wa miguu mifupi, awafunze adabu. Anavaa kofia yake ya kijani, anatoa kifua mbele, anaanza. Dakeli hapandi ngazi, abebwe. Dakeli halishwi mezani. Dakeli haruki kochi, na kitandani ndiyo kabisa, maana mgongo mrefu ule ukiteguka, miguu ya nyuma inakufa na kazi imekwisha.

Mimi huwa nakaa kwenye benchi na chupa yangu ya kahawa, macho nimeyatupa kwenye majani. Sina pa kuyaweka pengine. Dakeli wetu, Zenzi, hulala katikati yetu, kichwa kwenye mto wa Korbinian, na mimi nimebanwa ukutani.

Jumamosi iliyopita Korbinian alimwandama Bi Roswitha, mke wa mwenye duka la mikate, kwa sababu mbwa wake amenenepa.

"Huyu si mbwa, ni soseji! Unamlisha nini, mama?"

"Kidogo tu, Bwana Korbinian. Ananitazama kwa macho yale, namhurumia."

"Macho! Asiyeweza kumnyima mbwa asifuge mbwa. Afuge kuku!"

Watu wakaangua kicheko. Bi Roswitha akawa mwekundu hadi masikioni, akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa. Jamani, niliona haya! Neno langu moja tu lingetosha kumnyamazisha yule mzee. Sikulisema, kwa sababu aibu ni ya nyumba nzima.

"Sasa tazameni mbwa aliyefunzwa," akasema, akamfungua Zenzi kamba.

Kawaida anapiga filimbi na Zenzi anarudi mbio, na hakuna anayejua kwamba kiganjani amebana kipande cha jibini. Siku hiyo Zenzi alinusa mbweha. Alitimka kuelekea mteremkoni, kwenye misonobari, akajitosa katika shimo la mbweha, sisi wote mbio nyuma yake.

Korbinian akapiga filimbi. Akapiga tena. Kutoka chini ya ardhi tulisikia kubweka, halafu yowe, yowe la mbwa aliyeng'atwa. Vijana wawili wakataka kukimbilia makoleo.

"Msichimbe!" akafoka. "Udongo huu ni laini, paa litamwangukia. Lazima atoke mwenyewe."

Alipuliza filimbi mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Alitupa hata jibini lake shimoni, mbele ya macho ya watu. Wapi! Kilio kilizidi kufifia.

Nikamsogelea. "Mwimbie," nikamnong'oneza.

"Nini?"

"Unajua nini. Ule wa usiku."

"Nyamaza, Burgi."

"Atafia humo, Korbinian!"

"Watu wote hawa?" Akageuka kuwatazama. "Mbele ya watu wote hawa?"

"Basi nitaimba mimi."

"Kwako hatakuja," akasema, na ni kweli.

Akapuliza filimbi mara moja tena, kwa ukaidi tu. Safari hii hapakuwa na sauti yoyote chini. Hapo ndipo alipolala kifudifudi kwenye matope, kofia ikamdondoka, akaweka mdomo shimoni. Akaimba kwa kile kisauti chake cha kubembelezea.

"Kitandani, kitandani, mtoto wa baba. Blanketi li wazi, njoo ulale kwa baba..."

"Kwa nguvu," nikamwambia. "Hasikii."

Akaimba kwa nguvu. Sauti ilimkatika, akaendelea. Mimi nilikuwa nimejifunika uso kwa viganja, nachungulia katikati ya vidole. Kukasikika kukwaruza. Ikatokea pua, likatokea sikio limechanika linavuja damu, kisha tumbo likakwama. Limekwama kwa unene, kila mtu aliona. Korbinian akaparura udongo kwa kucha huku akiimba, mpaka akamvuta nje mzima.

Akamkumbatia, damu imemchafua koti lote, akawa anayumba naye, "mtoto wa baba, mtoto wa baba," hawezi kunyamaza. Halafu akakumbuka kwamba hatuko peke yetu. Akainua kichwa.

Nilimtazama Bi Roswitha. Nilijua sasa atasema, na nilimwombea aseme, maana ilikuwa haki yake. Alimtazama mume wangu, huku yeye amemkumbatia mbwa wake mnene. Kisha akageuka taratibu, akampa mgongo.

"Geukeni, jamani," akawaambia wenzake kwa sauti ya chini. "Mwacheni kidogo."

Wote wakageuka, wakasimama wakitazama misonobari. Mume wangu alipiga magoti pale matopeni, akaiangalia ile migongo mmoja mmoja.

"Burgi," akasema, "si afadhali wangecheka tu?"