Maziwa Yanayofika Laini Saba

Asubuhi saa kumi na mbili Wayua alichuja uwatu jikoni kwa mwajiri wake, Mama Audrey, ghorofa ya tatu, Kawangware. Mbegu zilikuwa zimelala majini, zimevimba, zinateleza. Alikunywa yale maji machungu, akatafuna mbegu, akawekea wenye nyumba chai.

Uwatu aliununua mtaa wa Makina, kwa mama mmoja wa duka dogo anayeuzia watu wa tumbo, watu wa sukari na waliojifungua. Huyo mama alimwambia kijiko kimoja kwa siku kinatosha kuleta maziwa, na asishangae jasho likinukia kama sukari guru. Wayua alikuwa anaweka vitatu. Mtoto wake Mumbua, wa miezi minne, alibaki nyumbani, mtaa wa Laini Saba, na Ndululu, dadake Wayua. Kazi ya nyumba aliyopata ilikuwa ya kulala kwa Mama Audrey, ruhusa ni Jumapili moja kwa mwezi. Alitaka maziwa yasikauke kabla ya Jumapili hiyo.

Siku ya tisa kazini, saa nne, matiti yalijaa. Alipochukua bakuli akamue, yakaisha yenyewe. Blauzi ilibaki kavu. Ndululu akapiga simu.

"Wewe, maziwa yako imefika."

"Imefika wapi?"

"Kwa kikombe ya bluu. Ungesema mapema ningetoa sufuria."

Tangu hapo yalikuja mara tano kwa siku, vuguvugu, yananukia uwatu. Ndululu aliyafunika na sahani kwa sababu ya nzi, akamnywesha mtoto kwa kijiko. Siku moja Wayua alizidisha, akaweka vijiko vitano, kikombe kikafurika mpaka kwa jirani, Risper, ambaye alikuja kulalamika kuhusu mkeka wake, si kuhusu maziwa. Muuguzi wa kliniki alimpima mtoto, akaandika kwamba ananyonya, akauliza tu kama kikombe kinachemshwa.

Huko Kawangware, Wayua akipanguza meza alikuwa anasimama kidogo, anakunja kiganja kwa ukubwa wa kichwa cha mtoto, kisha anaendelea kupanguza.

Wiki ya ruhusa ikafika. Mama Audrey alipata habari za hayo maziwa akiwa anapaka kucha rangi. Hakuwa mtu wa makelele. Aliuliza vizuri.

"Kwa hivyo mtoto anashiba?"

"Anashiba, Mama Audrey."

"Na maziwa inafika bila nauli."

"Inafika."

"Basi Jumapili si ukae tu. Niko na wageni wa chama."

"Maziwa ndiyo inafika," Wayua akasema. "Mimi sijafika."

Mama Audrey alikubali kwamba hilo ni kweli. Akasema wataangalia mwezi ujao.

Jumapili saa saba Wayua aliwapakulia pilau wageni kumi na wawili. Aliyasikia maziwa yakiondoka, akahamisha mwiko mkono wa pili. Laini Saba, Mumbua alimaliza kikombe, akacheua, akageuza uso kwenye kifua cha Ndululu, akaanza kutafuta. Ndululu hakuwa na kitu. Alifungua vifungo akampa hivyo hivyo, na mtoto akashikilia pale, ameshiba, hataki kuachilia.